Mishkaki ya Njegere

Jumatatu, 5 Mei
Kutwa kuonja. Ndiyo kazi yangu pale kiwandani Wattaya: kutia viungo kwenye nyama ya njegere, ile inayotengenezwa kwa unga wa njegere badala ya mnyama, kuonja, kutema. Bosi anasema Singapuri na Bangkok washaizoea, Maskati nao wataizoea. Wawekezaji wa Singapuri wanakuja wiki ijayo. Ya leo imekamata vizuri kuliko siku zote. Haimeguki. Nimechukua pakiti mbili nyumbani.

Jumanne, 6 Mei
Nimewachomea mishkaki watu wa nyumbani. Mama hakula, kasema nyama isiyo na mnyama haimpiti kooni. Mdogo wangu Ghalia akala kwa kumchokoza mama. Njugu zinamdhuru tangu utotoni, kwa hivyo pakiti niliisoma kwanza. Hamna njugu. Kijiti cha pili hakukimaliza. Midomo ikafura, sauti ikakatika. Sindano yake ya dharura ilikuwa kwao Khuwair. Mumewe, Nasir, hakungoja gari ya hospitali. Kaendesha mwenyewe, mie nyuma, kichwa cha Ghalia mapajani.

Jumatano, 7 Mei
Ghalia yupo hospitali, kwenye mashine ya kupumulia. Moyo ulisimama njiani. Nimempigia bosi kumuuliza mlikuwa na nini mle pakitini. Kakiri. Unga wa njegere ulichelewa bandarini, akatia wa njugu. Pakiti zilikuwa zishachapwa.
"Zuwena, nipe mpaka wageni waondoke. Kiwanda kitakufa."
Nikamwambia pakiti zipo madukani, watu wananunua. Kakata simu.

Alhamisi, 8 Mei
Nimekwenda serikalini, idara ya chakula, na pakiti iliyobaki. Nimesema yote. Adhuhuri kiwanda kimefungwa, mali inaondolewa madukani. Prossy, Mganda niliyekuwa nikichanganya naye viungo, kanipigia. Hakunilaumu. Kauliza tu viza yake, aliyokatiwa na kiwanda, itakuwaje. 

Jumapili, 11 Mei
Nasir hataki nikae chumbani mwa Ghalia.
"Wewe ndiye uliyemlisha," kanambia, mbele ya mama.
Kweli. Kutwa nilionja ule unga, nisitambue. Nimekaa nje kwenye kiti cha plastiki. Nnamchukia bosi. Nnajichukia zaidi.

Ijumaa, 16 Mei
Ghalia kafumbua macho jana. Hamjui mtu. Daktari anasema huenda akabaki hivyo.
Leo Nasir kaja nje kuniita. Nywele za Ghalia zimefungamana, wauguzi hawaziwezi. Nimezitia mafuta, nikazichambua taratibu, nikamsuka mikia miwili. Nasir kamshikilia kichwa. Mama alikuwa dirishani anasoma Kurani, sauti ya chini.  Nilipomaliza, Nasir akanisogezea kiti kando ya kitanda.