Njia ya Kumrejea Mwanaidi

Jumatatu, 21 Mfungo Mosi 1302

Kofia mbili nimemaliza kushona. Punda nimemwazima jirani. Nimemwambia nakwenda Mkwaja kununua nazi, kana kwamba Bagamoyo minazi imekauka. Uongo mtupu. Nakwenda kumrejea mke wangu.

Nilimpa Mwanaidi talaka moja tarehe 27 Rajabu, mbele ya watu wa barazani. Kisa, aliicheka kofia niliyoishona ikaenda upande, na wateja wapo. Akarudi kwa kaka yake, Mkwaja. Eda miezi mitatu. Nimehesabu kwa vidole: zimebaki siku sita. Nikiwahi, neno moja latosha, ni mke wangu kama zamani. Nikichelewa, ni mtu baki.

Neno lenyewe ningeweza kulisema hapa hapa, wawili wakashuhudia, yakaisha. Lakini watu wa barazani ndio wale niliowaapia kwamba simrudii. Naona haya. Heri njia.

Ile kofia iko msumarini tangu siku ile. Sijaigusa.

Jumanne, 22

Makurunge. Jana magharibi nilivuka Kingani. Punda alivutwa kwa kamba nyuma ya mtumbwi, mvushi akipiga maji kwa kasia kufukuza mamba. Kuanzia hapa nitakwenda usiku tu. Mchana kuna mbung'o, na mbung'o huua punda.

Nimepumzika kwa Bi Tatu, mjane mwenye shamba la muhogo. Shikamoo, marahaba, safari ya wapi. Uchovu ukanifungua mdomo, nikasema yote. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, eda unaihesabu kwa mwezi wa mbinguni? Eda ya mwanamke ni twahara tatu, usafi wa baina ya hedhi na hedhi. Ajuaye ni mwenyewe."

Miaka arobaini nimeishi na hili sikulijua. Huenda zimebaki siku sita. Huenda imekwisha juzi.

Uji wake sikuweza kuumaliza.

Jumatano, 23

Ng'ambo ya Wami. Nchi hii siijui. Sina ndugu huku, sina jina.

Usiku kucha giza. Mwezi ulitoka umechelewa, nusu, hauna msaada. Simba alinguruma mbali, kisha si mbali. Punda akagoma. Nikamkumbatia shingo, nikalia. Sijapata kuwa mpweke hivi. Hata nyumba tupu ina ukuta wa jirani.

Kabla ya alfajiri tukafika ukingoni mwa Wami. Mvushi hajaamka. Nikaogopa: nikiliwa hapa, nitakufa sijasema. Nikasimama, nikasema kwa sauti, "Nimekurejea, Mwanaidi, katika ndoa yangu." Punda akatikisa masikio. Hakukuwa na mtu mwingine.

Nikapata utulivu. Wa kijinga, lakini utulivu.

Alhamisi, 24

Nimelala mchana Saadani, msikitini. Mguu umevimba. Jioni naondoka.

Namwona Mwanaidi anavyocheka: hufunika mdomo kwa kanga, mabega yakamsaliti. Nilimwacha kwa ajili ya mabega yale. Mpumbavu mimi.

Ijumaa, 25

Nimefika Mkwaja alfajiri. Bakari, kaka yake, akanikaribisha kwa adabu, akanipa maji ya kunawa. Kisha akasema, "Shemeji, eda imekwisha jana."

Nikamwambia nilishamrejea, usiku wa kuamkia juzi, ukingoni mwa Wami.

"Mbele ya nani?"

Nikanawa uso mara ya pili. Akauliza tena.

"Mbele ya punda."

Hakucheka yeye. Alicheka Mwanaidi, nyuma ya pazia. Kicheko kile kile. Nikangoja hasira inipande, haikupanda. Nilitamani acheke mpaka adhuhuri.

Kisha akasema, taratibu, "Naamini umesema. Hukuwahi kuwa mwongo. Lakini umeniacha mbele ya watu, umenirejea mbele ya punda. Mimi sirudi hivyo."

Bakari akasema ukweli wake: bila shahidi, neno la kukubaliwa ni la dada yake. Sikubishana. Ningebishana na nani? Mwanaidi alisema kweli.

Aliniletea maji ya njiani, akayaweka kizingitini. Niliona mkono tu.

Jumatano, 30

Bagamoyo. Punda nimemrudisha mzima. Jirani akauliza nazi ziko wapi. Nikamwambia sikwenda kununua nazi.

Baada ya alasiri nimeitoa ile kofia msumarini, nikapangusa vumbi, nikaivaa. Imekwenda upande kweli, kila mtu aliona. Nikaenda barazani, nikawasimulia yote: kiapo changu, eda, Wami, punda. Nikawaomba wawili wanisindikize Mkwaja, nikapose upya. Mmoja ana kidonda mguuni. Mwingine amesema atafikiri.

Walicheka sana. Nikawaacha wacheke.

Kisha nikaenda nyumbani kuwasha taa.