Kibano cha Mama Kioko

Matinyani, Jumamosi, Oktoba 1936

Jua limewaka tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye maziwa, na mvua haijatuonyesha hata wingu moja. Lakini leo sina ugomvi na jua.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu hapa nyumbani hakuna mwingine anayekisoma. Nilikiokota Kibwezi nikiwa mdogo, baba alipokuwa kibarua wa reli. Kaka yangu anasoma Kikamba tu, tena kwa kufuata kidole. Kwa hiyo naweza kusema wazi.

Nina ndevu.

Si kama za baba. Ni nywele kumi na kitu chini ya kidevu, nyeusi na ngumu, na nyingine laini kando ya mashavu. Zilianza nikiwa na miaka kumi na sita. Bibi yangu alikuwa hai, akanipa kibano chake kidogo cha chuma, kile ambacho wazee wetu huning'iniza kwenye mkufu, wanaume kwa ndevu zao na wanawake kwa nyusi. Nilikuwa nikizing'oa kila wiki, na hakuna mwingine aliyejua.

Halafu nikaingia darasa la ubatizo. Mwinjilisti alituambia tuache mambo ya kale, na sisi wasichana tukajaza kapu la shanga, bangili na mikufu. Mimi, kwa bidii yangu ya kutaka kuwa wa kwanza mbinguni, nikatia na kibano. Kilikuwa kwenye mkufu, nikakihesabu pambo kama mengine. Wala hakuna aliyekiomba.

Tangu hapo ni wembe wa kaka, ninaouchukua kwa siri akienda kuchunga. Wembe unakata juu tu. Siku ya tatu kidevu kinakwaruza kama mabua yaliyobaki shambani, nami nafunga leso mpaka chini ya taya. Kanisani wanafikiri nina jino lisilopona, na wameliombea mara mbili.

Basi Kioko, seremala wa Kibwezi anayetaka kunioa, alituma habari kwamba mama yake anakuja kuniona. Wiki nzima sikulala vizuri. Niliogopa ndevu, na niliogopa jambo jingine ambalo hata hapa naliandika polepole: mwezi wangu hauji kila mwezi. Wakati mwingine inapita miezi mitatu. Nilikuwa nimesikia wanawake kisimani wakisema mwanamke mwenye ndevu hazai. Nilijua mama huyu ataniangalia mara moja tu, kisha arudi kwao.

Alifika jana, kwa lori mpaka Kitui, kisha kwa miguu. Ni mama mnene, mtulivu, kiongozi wa akina mama kanisani kwao. Nilimpa maji na chakula nikiwa nimeinama, leso imenibana mpaka masikioni. Hakuniuliza kitu.

Leo asubuhi aliniita nyuma ya ghala, kwenye mwanga. Alikuwa amekaa kigodani na bakuli la maji ya moto, kitambaa na majivu kidogo. Akafungua leso yake mwenyewe.

Nikaona kidevu chake.

Nywele zake ni nyingi kuliko zangu, nyingine zimeshaingia mvi. Akafungua fundo kwenye pindo la leso, akatoa kibano, akanitilia mkononi. "Macho yangu yamechoka," alisema, "na binti zangu wote wameolewa mbali. Nifanyie."

Sijui niandikeje. Mwanamke huyu mzima, anayeheshimiwa, aliniinulia uso na kufumba macho kama mtoto anayeoshwa. Mimi niliyetarajia kukaguliwa ndiye niliyeshika kidevu chake. Alinifundisha huku amefumba macho: kitambaa cha moto kwanza ili ngozi ilegee, majivu kwenye vidole ili unywele usiteleze, vuta ngozi, kisha ng'oa kwa kufuata upande unaolala. Bibi hakuwahi kunieleza hivyo, nami miaka yote nilikuwa nazing'oa kinyume na kuota vipele.

Nilimuuliza mwinjilisti wao alisema nini juu ya kibano.

"Alitaka shanga, nikampa shanga. Habari ya kidevu hakuniuliza."

Nilicheka mpaka nikasimamisha kazi. Nilipomaliza akapaka mafuta ya mbarika, kisha akasema, "Sasa lete kidevu chako." Nilijifanya sielewi. "Mwiitu, binti yangu, joto hili lote na leso mpaka masikioni? Mimi nilifunga hivyo hivyo miaka saba."

Nikafungua. Alining'oa kwa kupapasa zaidi kuliko kuona, na akiwa katikati aliniuliza kama mwezi wangu unakuja sawa. Nikalia, nikamwambia kweli. Hakunidanganya, na kwa hilo namshukuru. Alisema dada yake alikuwa hivyo, akakaa miaka minne ndipo akapata mtoto, kisha wengine wawili. Jirani yake hakupata kabisa. "Mimi si Mungu," alisema. "Lakini Kioko mwambie wewe, kabla ya harusi. Nywele hazitamshtua, amekua akiona dada zake wakining'oa zangu."

Wakati huo mama yangu akatokea pembeni mwa ghala. Nilitaka ardhi inifunike. Mama alitutazama, akatazama kibano, kisha akakaa chini kando yangu, akafungua leso yake na kungoja zamu.

Nimelala nyumba moja na mama miaka ishirini.

Mchana mgeni wetu alipoaga, sote tulisimama kwenye lango. Nadhani nilikitazama sana kile kibano alipokuwa akikifunga kwenye pindo, maana alisema mbele ya watu wote, "Hiki sikiachi. Ukikitaka, utakifuata kwangu." Baba alitabasamu, akajua nimekubaliwa. Kaka akauliza hiki ni nini, na sisi wanawake watatu hatukumsikia.

Nimepitisha kiganja chini ya kidevu mara nyingi leo. Ni laini. Kesho baada ya ibada nitamwandikia Kioko habari ya mwezi wangu, na barua hiyo bado inanitia hofu, kwa kuwa jibu lake silijui. Lakini nywele zitachomoza tena hivi karibuni, nazo zije tu. Nina mahali pa kuzipeleka.