Sweta la Golikipa Lilikuwa Lako

Mpendwa shemeji Lameki,

Kamwene. Barua hii anakuletea mwinjilisti kwa baiskeli, na nimemwomba akusomee kwa sauti, mama mkwe akiwa amekaa hapo hapo. Asiruke neno. Nikifa kwa aibu nitafia huku Njombe. Ninyi huko Igwachanya hamtasumbuka kuzika.

Unanijua. Mimi niliyekata mkonge Tanga, nikaona meli na kula samaki wa kila rangi, ndiye niliyewatangazia wote hapa kambini shambani kwamba mipira ya huku kwetu ni ya kudaka kwa mkono mmoja. Ulikuwa ukicheka tu na kusema, "Shemeji, laiti mdomo wako ungekuwa na mikono." Tulilala mkeka mmoja, tukala ugali sahani moja, na wote tulijua timu ya shamba inataka golikipa mmoja. Atakayeingia kwenye kumi na moja anapewa kazi ghalani. Atakayekosa anarudi porini kumenya magome ya miti ya miwati.

Nikuambie jambo ambalo hata dada yako halijui: naogopa mpira. Ukija kwa kasi, nafumba macho.

Unaikumbuka asubuhi ya mchujo. Ukungu ulishuka hadi goli la pili likapotea. Karani wa shamba, ndiye mwalimu wetu wa mpira, alisimama katikati ya uwanja na daftari lake, akatuweka golini wote wawili aone nani anawahi. Mashuti yakaanza kutoka kwenye weupe ule. Ulidaka moja baada ya jingine, kimya kama kawaida yako. Mimi nilikuwa nimeukumbatia mlingoti, meno yanagongana, nikipiga kelele, "Yangu! Yangu hiyo!" Ilikuwa woga tu, shemeji, naapa. Lakini karani hakuona kitu, alisikia. Akaandika jina langu.

Aliponirushia sweta nilikutazama wewe. Nilitaka useme. Ukaniinamia sikioni: "Dada yangu ana mimba. Vaa."

Kesho yake ukakunja blanketi lako ukaenda kwenu, hata chai hukunywa.

Jumamosi lori linatupeleka Makambako kucheza na timu ya vijana wanaojenga barabara. Mechi ni saa tisa alasiri, ukungu hautakuwepo, kutakuwa na jua na upepo na watu. Wana mshambuliaji mmoja, wanasema alimvunja golikipa mbavu mbili na hakugeuka kumtazama. Namwona hata nikinawa uso.

Jana nikamwendea karani nikamweleza yote, bila kupunguza. Alicheka mpaka akavua miwani. "Wewe bwana utatuua," akasema. "Haya, mlete huyo shemeji yako Makambako tumwone." Miaka yote nimechekesha watu, hii ni mara ya kwanza kicheko kunitia baridi.

Naogopa usipokuja. Naogopa na ukija, maana nitarudi porini na mtoto anakaribia kuzaliwa. Lakini magome nayajua. Hayanijii kwa kasi.

Mama mkwe, nisamehe. Mpe mwanao viazi vya njiani.

Na wewe, ukifika usinisalimie kwanza. Nenda moja kwa moja kwa karani, umwombe akupigie mpira. Mimi nitakuwa nimeshavua sweta.

Ni mimi ninayetetemeka,
Mume wa dada yako