Mwisho wa Kitabu cha Kijani

Jumanne, 1 Septemba 1987

Kurasa ishirini leo, uani kwa Bi Mwanakombo. Sauti imenikauka. Wenzangu watatu wanashona kofia, mimi nasoma. Sindano siiwezi, kofia ya kwanza niliyojaribu, Mishi aliivisha chungu. Bi Mwanakombo na Bi Zainabu wanasoma Kurani kunishinda, lakini herufi za shule hawazijui. Mishi alifundishwa, zimemtoka. Basi mimi ndiye macho yao.

Kofia ni za Maulidi. Kitabu ni cha kijani, cha tatu cha mwandishi yule yule. Cha kwanza walisema kina siasa nyingi na hakuna mtu anayekula. Cha pili hakikuwa chake hasa, alikusanya hadithi fupi za watu kumi na wawili akazitia pamoja. Mishi alisema ni kama kuonjeshwa vyungu vya majirani, unatoka na njaa yako. Bi Zainabu alipenda mbili. Bi Mwanakombo alitaka kujua ni nani aliyempa ruhusa ya kuchagua. Hiki cha kijani hawasemi kitu. Wanasikiliza tu, hata Mishi.

Nilirudi kwa kaka kabla ya alasiri. Wifi akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula.

Alhamisi, 3 Septemba

Zimebaki kurasa thelathini. Mwanaidi, mwanamke wa kitabuni, ametoka kwa mumewe na robota la nguo kichwani. Mishi anamtukana mume huyo kama vile ni shemeji yake.

Kaka amesema tena kuwa Likoni wanasalimu. Likoni ni mume wangu. Miaka kumi na tisa kwake, mtoto sikupata, akaoa mwengine akampa chumba changu. Nikatoka mwaka jana. Hajaniacha, wala hajanifuata. Kaka anataka nirudi ila haya inamzuia kusema. Anafikisha salamu tu.

Yale masaa mawili ya uani ndiyo yangu. Siku nyingine hakuna anayenitaja jina mpaka nifike pale.

Jumamosi, 5 Septemba

Nimefanya jambo la kipumbavu.

Sikuwa nimeusoma mwisho kabla. Huwa sisomi mbele, nataka kusikia pamoja nao. Leo nimefika ukurasa wa mwisho na macho yangu yakanitangulia. Mwanaidi anarudi. Mlango umefungwa. Anakaa barazani na robota lake mpaka mume afungue, na akifungua hawasemezani. Anaingia, anawasha moto. Basi. Kitabu kimekwisha.

Sikuweza kuyatamka. Kinywa kilikataa. Nikaendelea na maneno yangu mwenyewe, macho kwenye karatasi, kidole kikifuata mistari. Nikasema Mwanaidi alifika pembeni mwa nyumba, akageuka. Akaenda Changamwe, akapanga chumba, akashona sare za shule kwa cherehani, na alasiri akifunga mlango anaufunga yeye. Sijui yalitoka wapi. Yalitoka tu.

Mishi alipiga kigelegele. Bi Zainabu akafuta machozi kwa leso. Bi Mwanakombo akaingia ndani kutazama wali. Nilijiona mtu mkubwa njia nzima ya kurudi.

Jumatatu, 14 Septemba

Yamenifika. Mishi ameamua mwandishi apelekewe kofia ya shukrani. Kwa mwisho ule. Wameianza Jumatatu iliyopita bila kuniambia, wote watatu kwa zamu, mmoja akichoka mwenzake anapokea, na leo imekwisha. Kichwa chake wamekikisia kwa picha iliyo nyuma ya kitabu. Bi Zainabu anasema ni kichwa kikubwa, cha mtu anayefikiri. Mishi anasema ni nywele.

Barua niandike mimi, bila shaka. Mishi amenitajia maneno: "Mwambie tumesoma vitabu vyake vyote. Cha kwanza kilitutoa jasho. Cha zile hadithi za watu, aliokota mbivu na mbichi. Lakini huyu Mwanaidi wallahi ametufurahisha, alivyogeuka pale pembeni akenda zake akapata cherehani."

Nimeandika neno kwa neno. Nilifikiri kuiacha barua isiende. Lakini kofia je? Machozi ya Bi Zainabu je? Nimeitia posta pamoja na kofia, kwa anwani ya wachapishaji. Nikajiambia watu wakubwa hawajibu barua.

Jumanne, 29 Septemba

Amejibu.

Kaka ameitoa kwenye sanduku lake la posta Changamwe. Bahasha imeandikwa: Kina Mama wa Jomvu Kuu. Nimeifungua njiani, karibu na msikiti, kama mwizi.

Anashukuru. Kofia imemkaa. Anasema amepata sifa nyingi na matusi mengi kwa vitabu vyake, hakuwahi kupata kofia. Ya mbivu na mbichi amekiri. Kisha anasema: "Mwisho huo si wangu. Mwanaidi wangu alirudi." Anasema kati yetu yupo aliyetunga mwisho mwengine, na angependa kumjua, kwa kuwa anakusanya tena hadithi za kitabu kipya na anamwomba amwandikie.

Nimefurahi, nikaisoma tena pale pale. Halafu nikaogopa. Mambo yote mawili kwa barua moja.

Uani nimewasomea nusu. Shukrani, kofia, matusi, mbivu na mbichi. Hapo nikakunja karatasi nikasema anawasalimu sana. Walicheka wee. Mishi akanyosha mkono: "Nipa nkamuonyeshe baba watoto." Mumewe anafanya kazi uwanja wa ndege, anasoma magazeti kutoka mwanzo mpaka matangazo ya vifo. Nimesema nitaileta Ijumaa, nataka kuinakili kwanza. Uongo wa tatu, kama sikukosea kuhesabu.

Alhamisi, 1 Oktoba

Ama niseme mimi au aseme mume wa Mishi. Nikinyamaza napata siku moja zaidi ya kuwa na watu. Siku moja tu, na naitaka. Aibu gani hii kwa mtu wa miaka arubaini na moja.

Ijumaa, 2 Oktoba

Nimesema.

Nilianza na barua, nikaisoma yote. Nilipofika "si wangu" sindano zikasimama. Nikaeleza. Kwamba kinywa kilikataa. Kwamba cherehani ni yangu mimi, hakuna pahala ilipoandikwa.

Bi Zainabu alisema astaghfirullah, akaendelea kuisema. Mishi alisimama. "Yaani sisi twamvika mtu kofia kwa kazi si yake? Na yeye akaivaa?" Kisha: "Na vyengine je? Kile cha kwanza ndivyo kilivyoandikwa? Zile hadithi za watu? Sisi twajuaje?" Hakika hawana njia ya kujua. Waliniazima macho nikawaonyesha nilivyotaka.

Bi Mwanakombo aliniuliza neno moja tu, kama kitabu ninacho. Nikasema kipo nyumbani. Akaokota sindano yake. Nikaondoka, hakuna aliyenisindikiza mlangoni.

Jumatano, 7 Oktoba

Siku ya tano. Sijaitwa. Nikipita njia ya kisimani nasikia redio uani kwa Bi Mwanakombo. Zamani haikuwashwa saa hizo.

Wifi ananitazama nikikaa chumbani mchana. Kaka ameleta salamu za Likoni mara mbili wiki hii. Nikikaa hivi bila mtu wa kunisemesha, hata Likoni inaanza kuonekana pahala pa kurudi. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Nimeanza kuandika ile hadithi kwa ajili ya mwandishi. Kurasa mbili. Nzuri, nadhani. Hakuna wa kumsomea.

Jumatatu, 12 Oktoba

Bi Mwanakombo amekuja leo asubuhi. Hapa, kwa kaka. Hajapata kuja. Wifi alitandika mkeka mpya na kuhangaika na chai. Yeye akasema chai baadaye, ananitaka mimi.

Chumbani alikaa kitandani kwa sababu kiti sina. "Nisomea mwisho wake yeye. Usinipunguzie."

Nimesoma kama ilivyoandikwa. Mlango umefungwa. Baraza. Robota. Mume anafungua, hawasemezani. Moto.

Nilipomaliza alikuwa anatazama mikono yake. Nilidhani atasema mwandishi hana huruma. Alisema: "Mimi nlikaa barazani vile mara tatu. Mara ya tatu mvua yanyesha, na robota nlilikalia lisirowe. Watu wakipita wanaamkia, nami naitikia kana kwamba napunga upepo." Alicheka kidogo. "Marehemu alikuwa akichelewa kufungua kusudi. Sijamwambia mtu. Mama yangu sijamwambia."

Nilikuwa nimechukua maisha yake nikayafunika kwa cherehani, mbele yake, na Mishi akapiga kigelegele. Nikamwomba radhi. Akasema radhi tele, lakini nisome tena.

Nilisoma mara nne. Mara ya nne alikuwa akiyatangulia maneno.

Akaniuliza huyu bwana wa kitabu ameoa? Anaye dada? Nani alimwambia? Nikasema sijui. "Basi muulize alijuaje." Kisha akanywa chai na wifi, akasifu mandazi yasiyostahili sifa, akaenda zake. Kuhusu kurudi uani hakusema, nami sikuuliza.

Jumanne, 13 Oktoba

Leo nimemwandikia mwandishi. Ile hadithi nimeiacha chini ya mto, labda siku nyingine. Nimemweleza kuwa mwisho wa cherehani niliutunga mimi, na kwamba kofia bado ni yake, kwani yupo mama mmoja hapa Jomvu Kuu ameusikia mwisho aliouandika yeye na anauliza alijuaje. Nimeandika kama alivyosema Bi Mwanakombo, pamoja na ile mvua. Kabla ya kufunga bahasha nilikwenda mpaka kwake nikamsomea, mlangoni, ili asikie. Akasema ndivyo.