Kucha ya Gumba

Castelgrano, 9 Oktoba

Mjukuu wangu Mena,

U mzima huko Roma? Sisi wazima, ila goti langu linatabiri mvua kuliko redio.

Hapa baa nimewaambia judo umejifunza kwangu, kwamba ujanani niliangusha wanaume saba kwa siku moja. Haya, wewe unajua: nilikuwa mfagiaji wa ukumbi wa parokia mlimofanyia mazoezi. Nilichokufanyia ni kukukata kucha kabla ya kila pambano, maana mama yako kwa haraka zake angekata na kidole.

Tangu ucheze dansi kwenye televisheni, sura yako iko kwenye boksi la biskuti. Padre anazila kwa ibada. Rocco kinyozi anasema, "Mzee Nunzio, mjukuu wako kashafika. Miaka thelathini na moja, bado anatafuta kubwagwa?"

Nami nauliza, unatafuta nini?

Babu yako,
Nunzio

Roma, 2 Novemba

Shikamoo Babu,

Pole na goti. Mimi mzima, nina njaa tu. Lazima nishuke hadi kilo hamsini na mbili.

Televisheni wananitaka tena mwakani. Nimekataa. Barabarani wananiambia, "Mena, tuchezee kidogo." Medali zangu hawazikumbuki. Kocha wa taifa kaniambia nafasi kwenye timu ni moja: mimi au Ginevra, binti wa miaka kumi na tisa. Tutakutana Desemba. Nikishindwa, navua mkanda. Sina nia ya kuuvua.

Nimewapa televisheni siku moja ya mwisho ya kupiga picha, basi.

Kucha zako nani anakukata siku hizi? Nikija, zamu ni yangu.

Mjukuu wako,
Mena

Castelgrano, 15 Desemba

Mena,

Umelala? Umekula? Kula.

Baa nzima tulikutazama. Ginevra alipokwaruzwa shavu, mwamuzi akakushika mkono: gumba bado lina kucha ya bandia uliyobandikwa kwa picha za televisheni. Umebandua tisa, ukasahau moja. Ukumbi ukacheka. Rocco akasema, "Si nilisema? Huyo ni wa dansi."

Ukampa daktari gumba. Ile ya bandia ikang'oka na nusu ya kucha yako. Ukafungwa bendeji, ukarudi, ukainama, ukamkamata kola kwa mkono uleule. Nikamwambia Rocco, "Nyamaza wewe. Mkono huo naujua."

Mwisho niliutazama bila kupepesa. Uongo. Dakika ya saba nilikuwa nimejifungia chooni. Nilijua umeshinda Rocco alipogonga mlango: "Toka mzee, kalala chali huyo binti, toka." Kumbe analia. Eti kitunguu. Kwenye baa ya kahawa.

Sasa nafasi ni yako. Nenda nayo mbali. Lakini Krismasi pitia kwanza hapa. Soksi zangu zote zimetoboka mbele na goti halikunjiki. Uliahidi. Njoo na mkasi, uanze na gumba.

Babu yako,
Nunzio