Mechi Tuliyoshindwa Ndiyo Anayoitaka Kocha

Mpendwa Bi Zulekha,

Kwanza nisamehe kwa kuchelewa kuandika, barua hii nimeianza mara nyingi kwenye simu nikiwa ndani ya treni narudi kutoka soko la vitambaa la Zhongda, na kila nikianza mtoto mdogo huamka akataka kunyonya, nami nikimaliza kumnyonyesha nakuta kituo changu kimeshapita. Naomba msaada wako hivi hivi nilivyochoka, maana nikisubiri nipumzike sitaandika kabisa.

Jina langu usilifiche kama unavyowafichia wengine kwenye safu yako. Mimi ni Mwanakhamis, mzaliwa wa Unguja, nanunua vitambaa hapa Guangzhou nawatumia wateja nyumbani, na mwanangu wa kwanza anaitwa Kauthar, nilimzaa nikiwa mdogo mpaka watu hudhani ni ndugu yangu, na mtoto huyu, Bi Zulekha, anacheza mpira wa wavu mpaka watu wanasimama kwenye viti. Yuko mwaka wa mwisho katika shule ya watoto wa wageni, anacheza akiwa na hijabu niliyomshonea mwenyewe kwa kitambaa cha kuvutika, haijamvuka kichwani hata siku moja, na akipiga smashi unasikia mlio kwanza, ukija kutazama mpira umeshafika chini. Si kwamba najisifu. Haya, najisifu kidogo.

Basi shemeji yangu Dullah akatengeneza video fupi, smashi tupu, moja baada ya nyingine, akaweka na wimbo wa harusi, Kauthar akawatumia makocha wa vyuo vya Marekani. Wengi wakanyamaza, lakini mmoja, kocha Sarah, akajibu kwamba chuo chake kina nafasi ya mchezaji pamoja na msaada wa kumsomesha, na angependa kuzungumza nasi kwa video. Siku hiyo nilifua mapazia, kana kwamba yule mama angekuja kuyagusa. Akamsifu mwanangu, akauliza hijabu ile inauzwa wapi, nikamwambia haiuzwi, nimeishona mimi, akacheka, nami nikaona mambo yameiva. Halafu akasema sasa anataka kuona mechi nzima, mwanzo hadi mwisho, isiyokatwa.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mimi nimezoea soko, laoban, yaani bosi wa duka, akitaka jambo usilolitaka unamwambia utafikiria, unampa mgongo, unaondoka polepole, na hufiki duka la pili ameshakuita na kikokotoo mkononi. Nikamwambia kocha tutafikiria, kuna vyuo vingine pia vinatuuliza, nikaaga. Hakuna chuo kingine kilichotuuliza. Na kocha hajaita mpaka leo.

Kauthar akaniambia, "Mama, yule si laoban."

"Kila anayechagua ni laoban."

"Basi si ungemwonyesha anachochagua?"

Nikamtuma akaangalie wali.

Tatizo ni kwamba mechi nzima tuliyonayo ni moja tu. Nyingine zote nimepiga kwa mkono mmoja huku nimembeba mdogo wake, zinaonyesha dari na miguu ya watu. Hiyo moja niliifunga simu kwenye reli ya jukwaa kwa kipande cha kitambaa, ikatulia vizuri, na ni fainali ambayo walishindwa. Kauthar alikosa servisi katika zamu zake mbili zilizofuatana, zote zikaishia kwenye wavu, akatolewa, akakaa benchi akiwatia moyo wenzake kwa majina kila mpira ukija upande wao, na yule aliyeingia badala yake alipokosea Kauthar akampigia makofi kama amefunga. Baadaye akarudishwa, zamu yake ya servisi ikafika tena, nikafumba macho, nikasikia mlio, nikafumbua, mpira umepita. Lakini wakashindwa tu. Wenzake wakalia, yeye akaenda kuwapa mikono washindi, akarudi akakusanya mipira. Na juu ya yote hayo sauti ni yangu mimi, mwanzo mpaka mwisho, namgombeza refa kwa Kiswahili, "Wewe baba, miwani umeiacha nyumbani?"

Kauthar anataka tuitume hiyo. Nimekataa, kwa sababu ni nani anayempelekea mteja upande wenye doa? Kocha alisema orodha yake anaifunga mwisho wa mwezi. Baba yao yuko bandarini Nansha anahangaika na kontena, ananiambia niamue mimi. Na Kauthar hata hanuni, hilo ndilo linaloniumiza, anambeba mdogo wake ili mimi nilale kidogo.

Basi naomba unitumie haya: jibu la wazi, video niitume au nisiitume, maneno ya kumwambia kocha ambayo hayatafanana na kuombaomba, maswali anayotakiwa kuuliza mzazi kabla hajamtoa mtoto wake, na namba ya mama yeyote wa kwetu aliyeshapita njia hii, nimpigie, hata kama ni kulia tu.

Mwanakhamis, Guangzhou

*

Mama Kauthar,

Pole kwa uchovu, na hongera kwa binti. Kukusifu nimemaliza, sasa nikuseme.

Ukifika Zhongda, muuzaji akakupa kipande cha sampuli kilichokatwa vizuri, unanunua? Hununui. Unamwambia afungue jora, unalivuta mpaka katikati, unatazama kama uzi umekatika mahali. Akikataa kulifungua unaondoka, na safari hiyo hutaki hata kuitwa. Ndivyo ulivyomfanyia yule kocha. Aliomba jora, ukampa mgongo. Hakukuita kwa sababu hakujua kama mko sokoni. Yeye anadhani mmemkataa.

Smashi ameshaziona. Anachotafuta sasa ni kile alichokikata Dullah: mtoto huyu akikosea, anafanya nini? Umeniandikia jibu lake mwenyewe, tena kwa urefu, halafu ukaliita doa. Mtoto ametolewa na bado anawatia moyo wenzake kwa majina! Ameshindwa na bado anakusanya mipira! Mama Kauthar, ningekuwa mimi kocha, ningemtaka aje kesho. Binti yako amelijua hili kabla yako. Mpishe.

Leo hii, ukimaliza kusoma, mpe simu aandike yeye. Mchezaji ni yeye, wewe kaa pembeni uandae chai. Aandike hivi: "Samahani kwa kimya chetu. Bado nakitaka chuo chako. Hii ni mechi nzima. Tulishindwa." Basi. Hapo hakuna kuombaomba, na usimwongezee hata neno moja. Mkishatuma kwa Sarah, wale makocha walionyamaza nao watumieni hiyo hiyo, ili ule uongo wako wa vyuo vingine upate nafasi ya kuwa kweli. Sarah akikuuliza kabla haujawa kweli, mwambie ukweli.

Kocha akirudi, ndipo uulize wewe, na majibu yote yaje kwa maandishi. Msaada wanaoutoa unagharamia nini, na nini kitabaki juu yenu? Unapimwa upya kila mwaka? Akiumia goti, anaendelea kusoma au anarudishwa? Kocha mwenyewe akihama je? Hijabu, chakula na mahali pa kusali, uliza bila kuona haya. Hata yeye alianza kuiulizia hijabu. Msisaini kitu ambacho mwalimu wake hajakisoma. Na mtu yeyote atakayewaambia mumlipe awatafutie nafasi, mjibu kwa neno lile lile wanalokujibu wewe madukani: mei you, hakuna.

Namba ya Jacinta wa Nairobi nimekutumia pembeni. Binti yake anacheza huko Marekani, yuko mwaka wa pili. Nimemweleza habari zako, anasema mpige Jumapili, mlie pamoja, kisha akuonyeshe pa kuanzia. Jumapili hiyo mtoto abebwe na baba yake, kontena halinyonyi.

Sasa vya kumtumia kocha: ile barua ya Kauthar aliyoiandika mwenyewe, matokeo yake ya darasani, na mechi nzima kuanzia filimbi ya kwanza hadi mipira inakusanywa. Wimbo wa harusi ubaki kwa Dullah. Najua atataka kuifuta na ile sauti yako unapomgombeza refa. Mkatalie. Kocha ajue kwamba mtoto huyu ana wenyewe.

Bi Zulekha