Majani Meupe ya Bibi Harusi

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kile kikohozi kimekuachia. Sisi tunapumua. Mama magoti yanamsumbua, ulimi haumsumbui. Jana alimgombeza fundi bomba mpaka akakimbia akasahau spana zake.

Mimea yako naitunza. Ule wenye majani mapana kama ungo umetoa jani la tano, na ule wa mahameli nyeusi umekataa katakata kusogezwa dirishani.

Lakini Bibi Harusi ni mgonjwa, kaka. Sikukuandikia mapema kwa sababu nilidhani atapona. Nimepunguza maji, nimebadili udongo, nimemfunika mfuko wa nailoni apate unyevu, nimemwombea. Kila nikiamka nakuta ukingo wa kahawia umepanda tena. Amebaki na majani mawili, yote meupe. Najua ndiye peke yake aliyeota katika zile mbegu za marehemu wifi, na mwingine hayupo popote.

Jumanne nilimwita mzee wa bustani ya miche. Akavaa miwani, akaligeuzageuza shina, akaniuliza majani ya kijani yamekwenda wapi. Nikamwambia yalipukutika yenyewe. Akasema jani jeupe ni pambo tu, halipiki. La kijani ndilo jiko, na huyu haumwi, ana njaa. Dawa ni moja: kulikata shina chini kabisa, juu ya kifundo cha mwisho ambacho bado ki hai. Huenda kikachipua, ila kitachipua kijani kitupu, na ule weupe hautarudi tena. Asipokatwa wiki hii, atakufa.

Kaka, hayakupukutika. Niliyakata mimi, kwa mkasi wangu wa kushonea. Wageni walikuwa wakisifu meupe tu, nikaona ya kijani yanamchafulia gauni. Nikakutumia picha. Ukajibu kwamba umelia, kwamba amefanana na wifi siku ile akishuka ngazi za ukumbini. Tangu tumzike sikuwahi kupata kwako neno tamu kama lile. Nikataka lingine, nikakata na mawili ya kijani yaliyokuwa yamebaki. Nilidhani nampamba, kumbe namzimia jiko. Majuto ni mjukuu, na wangu tayari anatembea.

Sasa kisu nimekichemsha, kiko mezani. Niliamua mara moja bila kukuuliza; mara ya pili sithubutu. Niambie wewe: nimkate aishi akiwa kijani kama mmea wowote, au nimwache afe akiwa mweupe?

Barua hii nampa dereva wa lori mkononi, na jibu mpe huyo huyo kabla ya Jumamosi. Ukitaka kunitukana nitukane, nimestahili, ila jibu lianze kwanza.

Mama anakusalimu, anasema ule vizuri. Yeye bado hajui.

Ni mimi niliyekukosea,
kitindamimba wenu